Kabla ya Kuiwekea Probox Turbo



Kuna ombi ambalo mafundi wa Embu, Kiritiri na hapa Gachoka wanalisikia. Mwenye gari anafika gerejini na Probox, Fielder au Premio iliyokaa nyumbani miaka kumi na zaidi. Anafungua boneti na kusema, "Fundi, hii gari imechoka kupanda. Niwekee turbo." Wala si gari la mashindano. Ni gari linalobeba watoto na masanduku yao shule zikifungwa, linalompeleka nyanya hospitali mjini Embu, linalobeba magunia ya ndengu siku ya soko, kisha Jumapili linaoshwa liende kanisani. Gari moja, kazi zote.

Ombi hilo silidharau, maana lina chanzo chake. Anayeijua barabara ya kutoka Embu kupitia Gachoka hadi Kiritiri, na kuendelea kuelekea mabwawa ya Mto Tana, anajua kwamba kwenda ni kuteremka na kurudi ni kupanda. Mji wa Embu uko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Ukifika Masinga, uko kwenye mita elfu moja na kidogo. Mzigo wetu mwingi unatoka huko chini kwenye joto, kwa hiyo gari hupanda likiwa limejaa na hushuka likiwa tupu. Na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu kumi katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda juu ya bahari. Injini ya Probox ya cc 1,500, ambayo kiwandani Japani ilipimwa nguvu za farasi 109, haijawahi kuzitoa zote 109 hapa kwetu Mbeere hata siku ilipokuwa mpya. Ukiipeleka Nairobi inapungukiwa zaidi. Ukipanda nayo Timau, zaidi tena. Kwa hiyo anayelalamika kwamba gari halina pumzi, analalamikia kitu cha kweli.

Halafu kuna muguka, jani letu la kutafuna. Hatuwezi kuzungumza juu ya nguvu za gari Mbeere tukaacha kuutaja muguka. Majani yale yakishachumwa huanza kupoteza nguvu, na mnunuzi wa Nairobi au Mombasa anayataka yakiwa mabichi. Ndiyo sababu Probox za muguka zinatoka Kiritiri kwa kasi tunayoijua sote, kama zile pikapu za miraa zinazoteremka kutoka Maua. Mei 2024, serikali za kaunti za pwani zilipopiga marufuku muguka na suala hilo likafikishwa mahakamani hapa Embu, nchi nzima iliona ni nyumba ngapi za Mbeere zinazotegemea jani hilo kwa karo na kwa unga. Gari likichelewa, mzigo unashuka bei. Kijana anayeliona jambo hilo kila siku, akitamani turbo, simshangai.

Sasa turbo ni nini hasa? Mtu aliyekulia Mbeere anaweza kuielewa bila kwenda chuo. Tuna mabwawa matano hapa kwenye Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza kujengwa ni Kindaruma, mwaka 1968, na la mwisho ni Kiambere, mwaka 1988. Maji yanayozungusha mitambo ya Masinga hayatupwi. Yanateremka Kamburu yakazungushe mitambo ya huko, kisha Gitaru, kisha Kindaruma, hadi Kiambere. Maji ni yale yale, kazi ni mara tano. Turbo ina akili hiyo hiyo. Moshi unaotoka kwenye silinda ukiwa wa moto na wenye kasi umeshamaliza kazi ya kusukuma pistoni, lakini bado una nguvu ndani yake. Badala ya kuuachia uende zake kwenye ekzosi, unaupitisha kwanza kwenye feni ndogo. Feni hiyo imeshikana kwa mhimili mmoja na feni ya pili, na feni ya pili inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli inaweza kuzidi, na nguvu zinazidi. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyepata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na kwa muda mrefu lilitumika kwenye injini kubwa za meli, za treni na za ndege. Magari madogo ya kawaida ya kwanza kuuzwa nayo yalitoka Marekani mwaka 1962.

Wazo ni zuri sana. Na kwa sisi watu wa nyanda za juu lina faida ya pekee, kwa sababu turbo hulipia ule upungufu wa hewa ya milimani. Ndiyo maana malori makubwa na matatu nyingi za dizeli zinazopita hapa zina turbo kutoka kiwandani, na hakuna anayeshangaa.

Shida iko kwenye lile neno "niwekee." Injini iliyozaliwa na turbo na injini inayowekewa turbo uzeeni ni injini mbili tofauti hata kama kwa macho zinafanana.

Chukua hiyo hiyo injini ya Probox na Fielder, ile mafundi wanayoiita 1NZ. Wahandisi wa Toyota waliitengeneza ivute hewa yenyewe. Kwa kuwa hewa itakayoingia ni ya kawaida, walifanya pistoni iibane sana, kiasi cha moja kwa kumi na nusu. Ndiyo siri ya ile injini kula mafuta kidogo. Sasa wewe unaleta hewa ambayo tayari imeshindiliwa na turbo, kisha pistoni inaishindilia tena mara kumi na nusu. Kitu chochote kinachoshindiliwa hupata joto. Mchanganyiko wa hewa na petroli unafika mahali sehemu yake inalipuka yenyewe kwa joto na msukumo, bila kusubiri moto wa plagi uifikie. Mafundi husema injini inanoki. Ukipanda mlima utausikia ule mlio mkavu wa chuma chini ya mguu. Kila mlio ni nyundo juu ya kichwa cha pistoni. Injini haifi siku hiyo. Itakwenda wiki kadhaa, pengine miezi, halafu siku moja ringi inakatika, pistoni inatoboka, au hedi gasketi inaachia, na mara nyingi ni hapo hapo mlimani mzigo ukiwa juu.

Wapo watakaonijibu kwamba injini hiyo hiyo inaweza, na wanasema kweli. Toyota wenyewe waliwahi kuuza Japani Vitz yenye injini ya jamii hiyo hiyo ikiwa na turbo, na ikatoa nguvu za farasi 150. Lakini waliofanya hivyo ni walioitengeneza injini yenyewe, kwenye gari jipya, na kompyuta ya gari ikapangwa kwa ajili ya turbo hiyo. Si turbo iliyofungwa kwa bolti ikaambiwa Mungu ni mkubwa.

Naomba tukae kidogo hapa kwenye vitu vinavyoifuata turbo, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea. Turbo yenyewe ni kama robo tu ya kazi. Inahitaji ekzosi manifoldi yake, ya chuma kinachostahimili joto la nyuzi 800 na zaidi. Inahitaji bomba la kuleta oili na bomba la kuirudisha kwenye sampu, kwa sababu mhimili wake unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na unaelea juu ya utando wa oili tu. Inahitaji kipoza hewa mbele ya radieta, na huku kwetu chini, ambako saa nane mchana lami inachemka, kipoza hewa hicho kinapata kazi ngumu kuliko kingepata Nyahururu. Inahitaji injekta kubwa zaidi, pampu ya petroli yenye nguvu zaidi, klachi inayoweza kushika. Na juu ya yote inahitaji mtu wa kuipanga upya kompyuta ya gari, ili petroli iongezeke hewa inapoongezeka na cheche icheleweshwe inapotakiwa kucheleweshwa. Kazi hiyo inahitaji vipimo na mtu aliyeisomea. Pasipo hiyo, kompyuta inaendelea kudhani gari ni lile la zamani, inatoa petroli ya zamani kwa hewa mpya, na joto linaunguza valvu.

Kisha kuna swali la turbo yenyewe umeitoa wapi. Wengi wataelekea Nairobi, barabara ya Kirinyaga, pale ambapo wazee bado wanapaita Grogan, wanunue iliyotoka kwenye gari la Japani lililokatwakatwa. Ukifika pale, usinunue kwa kuitazama kwa nje, maana imeoshwa ikang'aa. Ingiza vidole kwenye mdomo wa upande wa hewa, shika ncha ya mhimili, usukume juu na chini, kisha uvute mbele na nyuma. Kuchezacheza kidogo kabisa kwa upande ni kawaida, kwa sababu oili haipo ya kuushikilia. Lakini mapezi ya feni yakigusa ukuta, au mhimili ukija mbele na kurudi kwa namna unayoihisi waziwazi kwenye vidole, hiyo turbo imekwisha. Tazama pia ncha za mapezi: zikiwa zimemegeka, ilimeza mchanga. Kisha tazama tundu la oili. Ukiona weusi mgumu umeganda humo, mwenye gari wa kwanza alikuwa akizima injini ghafla baada ya kasi, oili ikaungulia ndani. Ndiyo sababu wenye Subaru za turbo wanakaa dakika moja injini ikiunguruma kabla ya kuzima. Hawajionyeshi. Wanaacha oili ipoze mhimili.

Baada ya hayo yote, niseme ninaloliamini. Sehemu kubwa ya magari yanayoombewa turbo hayahitaji turbo. Yanahitaji kurudishiwa nguvu zao wenyewe zilizopotea njiani.

Fikiria maisha ya gari letu la kawaida. Sheria ya Kenya inakataa gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa kwake, kwa hiyo linaingia bandari ya Mombasa likiwa na miaka saba au nane. Huko lilikotoka limeshafanya kazi. Likifika Gachoka linafanya kazi tena miaka kumi, kwenye vumbi. Chujio la hewa linapigwapigwa ukutani na kurudishwa. Radieta inaongezwa maji ya mto, ukifungua kifuniko unaona rangi ya kutu. Plagi ni zile zile lilizokuja nazo. Injekta mbili kati ya nne zinatoa matone badala ya ukungu. Breki moja ya nyuma inashika bila kuachia, gari linajivuta lenyewe siku nzima. Ringi zimelika, na nguvu ya mlipuko inavuja kwenda chini kwenye oili. Ukijumlisha hayo, gari lililotoka kiwandani na farasi 109 huenda limebaki na 75 au 80. Na huyo ndiye farasi mgonjwa tunayetaka kumwongezea mzigo.

Kuna kipimo kimoja kinachosema ukweli, na hakichukui hata nusu saa. Ni kupima kompresheni. Injini ikiwa imepata moto, fundi anatoa plagi zote nne, anakata petroli isiingie, anafunga geji kwenye tundu la silinda ya kwanza, wewe unakanyaga mafuta hadi mwisho na kuzungusha stata mpaka mshale usimame. Anaandika. Anaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Kinachotafutwa ni namba nne zilizo juu na zinazokaribiana. Tatu zikisoma 170 na moja ikasoma 120, hiyo moja ndiyo inayokula nguvu zako. Hapo fundi anatia kijiko cha oili kwenye tundu la silinda hiyo na kupima tena. Namba ikipanda ghafla, ringi zimelika, oili imeziba pengo kwa muda. Ikikaa pale pale, tafuta kwenye valvu au hedi gasketi. Fundi anayekataa kupima na kukimbilia kufunga turbo, huyo mshukuru kwa muda wake, uende kwa mwingine.

Na kuna historia ya nchi hii inayonipa nguvu ya kulisema hili. Mwaka 1965, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari kwa mikono yake, alishinda mashindano ya magari ya Safari akiwa na ndugu yake Jaswant. Alishinda kwa gari gani? Volvo PV544, saluni ya familia yenye umbo lililobuniwa miaka ya arobaini, tena lililokwishatumika. Gari hilo lilikuwa limeshiriki Safari ya mwaka uliotangulia mikononi mwa dereva mwingine, likachoka, likaachwa Kenya. Wale ndugu walilinunua na kulifungua na kulifunga upya. Halikuwa na turbo. Lilikuwa na kila bolti mahali pake. Wapinzani wao kutoka Ulaya, wenye magari mapya ya viwanda, waliachwa kwa zaidi ya saa nzima. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, nayo haikuwa na turbo. Peugeot 504, gari ambalo baba zetu walilitumia kama teksi, kama matatu na kama gari la harusi, lilishinda mwaka 1975 na Ove Andersson, na mwaka 1978 likashinda tena kwa umbo lake la coupé na Jean-Pierre Nicolas. Safari za miaka hiyo zilizunguka Mlima Kenya, na barabara ya Embu kwenda Meru, ya udongo na kona zisizoisha, ilikuwa ikivunja magari. Turbo haikushinda Safari mpaka mwaka 1984, Björn Waldegård alipokuja na Toyota Celica. Kabla ya hapo, kwa miaka zaidi ya 30, waliotangulia kufika ni wale ambao magari yao hayakuharibika.

Wala siifichi ile habari nyingine. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliifikisha mwisho wa Safari Subaru Vivio, kijigari cha cc 660, injini ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa, akashinda daraja lake. Injini ile ilikuwa inasukumiwa hewa, si kwa moshi bali kwa mkanda. Colin McRae alikuwa na Vivio kama hiyo kwenye mashindano hayo hayo, akaenda kwa kasi ya kutisha, na gari lake halikumaliza. Kwa hiyo hata hewa ya kushindiliwa, kwenye gari lililojengwa kwa ajili yake, bado inamtaka dereva anayejua kuihurumia mashine.

Sasa tuje kwenye breki. Hapa nitaomba sikio lako kuliko mahali pengine pote.

Probox ina diski mbele na ngoma nyuma, na Toyota ilisema mzigo wake usizidi kilo 400 ukiwa na watu wawili tu ndani. Breki hizo, matairi hayo na springi hizo zilipimwa kwa gari la farasi 109. Ukiongeza nguvu nusu tena bila kuongeza breki, umenunua kasi ambayo huna njia ya kuisimamisha. Na barabara zetu hazisamehe. Kila mtu wa ukanda huu analijua daraja la Nithi, kwenye barabara ya Embu kwenda Meru: mteremko mrefu, kona, kisha daraja. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa. Kabla ya hapo walikufa wengine, na kilio cha watu wa Tharaka Nithi kwamba barabara ile ijengwe upya hakijaanza leo. Ukikusanya ajali za mteremko ule, hutasikia dereva aliyepata taabu kwa sababu gari lilikosa nguvu ya kupanda. Utasikia breki. Utasikia "gari lilikataa kushika."

Nchi hii ilishapigana vita hivyo vya mwendo. Februari 2004, waziri wa uchukuzi John Michuki alilazimisha matatu zote zifungwe vidhibiti mwendo, zisizidi kilomita 80 kwa saa, na mikanda kwenye kila kiti. Watu walitembea kwa miguu siku za kwanza, wakalalamika, kisha wakaanza kufika nyumbani wazima. Inauma kuona gari la familia, ambalo halikubanwa na kidhibiti hicho kwa sababu tuliamini baba hawezi kukimbiza watoto wake kama mizigo, sasa ndilo linalotafutiwa mwendo. Pale Kiritiri sokoni, na hapa Gachoka mbele ya maduka, mwendo wa halali ni kilomita 50. Kwa kilomita 50 Probox ya zamani inatosha na kubaki.

La sheria na bima nitalipita haraka. Ukibadilisha injini ikawa tofauti na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, inatakiwa kujulishwa. Na kampuni ya bima ilikukatia bima kwa gari lililokuwa vile ulivyolieleza. Ukilifungia turbo ukanyamaza, siku ya ajali utakuwa umewapa sababu ya kukukatalia, na atakayebeba hasara ni mama watoto.

Je, hakuna gari kuukuu la kuongezewa turbo kwa akili? Lipo. Land Cruiser ya dizeli yenye ile injini ya lita 4.2 isiyo na turbo, 1HZ, wengi wameiwekea turbo ya msukumo mdogo na ikaendelea kufanya kazi miaka mingi. Dizeli hainoki kama petroli, kwa sababu petroli huingia pamoja na hewa na kusubiri cheche, wakati dizeli hunyunyizwa pale pale inapotakiwa kuwaka. Injini yenyewe ni nzito, chuma kimejaa. Hata hivyo wanaoifanya kazi hiyo vizuri hufunga geji ya kupima joto la moshi na kuitazama kama nesi anavyotazama homa, na hawaongezi dizeli mpaka moshi ukawa mweusi. Afrika Mashariki ilipoingia kwenye dizeli yenye salfa kidogo mwaka 2015, kazi ya turbo na injekta za kisasa ikawa rahisi zaidi. Lakini hilo ni gari la shamba na la serikali. Si gari la nyumbani la cc 1,500.

Na anayetaka turbo kwa moyo wote, si kwa ajili ya mzigo bali kwa sababu anaipenda, nina ushauri kwake pia, maana kupenda mashine si dhambi. Auze lile gari la nyumbani likiwa zima, anunue lililozaliwa na turbo: Forester au Legacy yenye turbo ya kiwandani, breki zake kubwa na radieta yake. Akubali kwamba litakunywa petroli zaidi, kwamba oili yake ni ya bei na haisubiri kilomita zipite. Vijana wetu wengi wanazijua hizo Subaru kuliko wanavyowajua ng'ombe wa baba yao, na mafundi wazuri wao wapo, Embu na Meru. Nimewaona wakifungua injini ya silinda nne zilizolala, wanapanga kila nati kwenye karatasi kwa mpangilio wake, bila kelele. Ujuzi huo upo kwetu, na ninataka ulipwe vizuri. Ninachokataa ni ujuzi huo kutumiwa kumfungia mtu turbo kwenye injini inayovuja, kwa sababu tu amekuja na pesa za mavuno mkononi.

Kwa hiyo, msikilizaji, wewe uliyeuza ndengu zako msimu huu ukawa na kitita, na unalitazama lile gari pale uani: kabla hujamlipa mtu hata shilingi ya turbo, mwambie apime kompresheni ya silinda zote nne mbele yako, aziandike namba kwenye karatasi, akupe. Mwambie avue magurudumu ya nyuma akuonyeshe ngoma na viatu vya breki. Mwambie afungue radieta. Badilisha plagi, safisha injekta, weka chujio jipya la hewa, tia kulanti, nunua matairi manne mazima. Kisha lipakie mzigo wake wa kawaida, usizidishe, ulipandishe kutoka Kiritiri hadi Embu. Kama baada ya hapo bado unaona linahitaji turbo, rudi kwa fundi mkae naye mhesabu gharama yote, breki zikiwa za kwanza kwenye orodha.